Saio iko wapi? Medali ya koko na vita ambayo Bukavu inaitaja kila siku

Kama unaishi Bukavu, huku mashariki mwa Kongo, umeshataja Saio mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu. Unamwambia motari akupeleke karibu na Kamp Saio, unasikia watu wanasema fulani ni mtoto wa Saio, maana baba yake alikuwa soda, yani askari, na alizaliwa mle kambini, na maisha yanaendelea. Mimi nimekulia hapa na nilifika miaka karibu 30 bila kujiuliza hata mara moja hilo neno ni la lugha gani. Si Mashi, si Kirega, si Lingala. Nilidhani ni jina la kamanda fulani wa zamani, kumbe ni jina la mji, na huo mji uko Ethiopia, tena uko mbali sana na hapa.

Nililijua hilo kwa sababu ya kopo ya maziwa ya unga.

Shangazi yangu anaishi Kadutu, na ndani ya kabati lake, chini ya vitenge, kuna kopo ya zamani ambayo mfuniko wake umeshika kutu. Ndani yake kuna kitambulisho cha koko, yani babu yangu, baba yake shangazi, vifungo 2 vya koti, kijitabu cha jeshi ambacho kurasa zake nyingi zimeliwa na mende, na medali 2. Mwaka jana alinifungulia. Medali ya kwanza ilinishangaza kwa sababu haina kitu. Ni duara ya shaba nyeusi-nyeusi, utepe wake ulishaisha zamani, mtu akapitisha kamba ya kiatu kwenye kipete cha juu, na uso wake ni laini kabisa kama kokoto ya mtoni. Unapitisha kidole unahisi tu kama kuna mwinuko fulani pale katikati, na kwenye ukingo kuna rangi ya kijani ambayo haikufikiwa na mkono. Nikamuuliza maandishi yalikwenda wapi. Akaniambia: "Njo mimi nilikuwaka naisugua. Kila Bonane, na majivu na muchanga kidogo, juu baba alikuwa anapenda ing'are."

Bonane ni Mwaka Mpya. Miaka zaidi ya 40 amesugua. Mapenzi yake ndiyo yamefuta maandishi, na simlaumu hata kidogo, lakini ndo ikawa kazi yangu kutafuta medali ilikuwa inasema nini. Na kila nilipouliza kwenye familia nilipata jibu tofauti: mmoja anasema koko alipewa kwa kumkamata jenerali wa Kitaliano kwa mikono yake, mwingine anasema hapana, alipigana na Wajerumani Tabora, mwingine anasema alikuwa Misri. Kijana mmoja wa ukoo akasema medali kama hizo walikuwa wanapewa waliopigia Wazungu kazi ya kuua ndugu zao. Kila mmoja ana uhakika, na kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, kwa hiyo wacha nijaribu kufungua fundo moja moja.

Fundo la kwanza ni vita zenyewe. Huku kwetu wazee wanasema "Vita ya Mujerumani" na "Vita ya Mutaliano" na sisi wajukuu tunazichanganya kama ni kitu kimoja. Ya Mujerumani ni ile ya 1914 mpaka 1918, na hiyo ilifika mlangoni petu, maana upande wa pili wa ziwa na wa Ruzizi kulikuwa koloni ya Ujerumani. Septemba 1914 Wajerumani walivuka wakachukua kisiwa cha Idjwi, kile kile tunachokiona kila siku ziwani, na wakakikalia mpaka Wabelgiji walipokirudisha mwaka 1916. Aprili mwaka huo Force Publique, jeshi la koloni, ilivuka chini ya jenerali Charles Tombeur, brigedi moja ya kaskazini na Molitor, nyingine ya kusini na Olsen ambaye hata hakuwa Mbelgiji, alikuwa mtu wa Denmark. Kigali ikaanguka Mei 1916, Kigoma mwezi wa Julai, na Tarehe 19 Septemba 1916 wakaingia Tabora. Mwaka uliofuata wakaenda mpaka Mahenge, kusini mwa Tanzania ya leo. Tombeur akawa baron, tena baron "wa Tabora", na Ubelgiji ikaondoka kwenye meza ya mazungumzo na Rwanda na Burundi mkononi.

Na wale waliobeba hiyo vita kichwani? Hapa naomba nikae kidogo. Hakukuwa barabara za malori, farasi na ng'ombe walikuwa wanakufa na ndorobo, kwa hiyo kila risasi, kila mfuko wa mchele, kila chuma cha mzinga kilipanda milima kichwani kwa mtu. Wapagazi, huko Katanga wanawaita tenga-tenga, walikuwa zaidi ya 200,000 upande wa Kongo kwa vita nzima. Askari wenyewe wa Force Publique waliokwenda hawakufika hata 20,000. Fanya hesabu mwenyewe: nyuma ya kila soda mwenye bunduki kulikuwa watu zaidi ya 10 wenye mizigo, wengi wao waliokotwa vijijini na chefu aliyeambiwa alete idadi fulani kabla ya siku fulani, na wakafa na kuhara, na nimonia ya baridi ya milimani, na njaa. Soda alikuwa na namba yake kwenye daftari la jeshi, mpagazi mara nyingi alihesabiwa tu kama mzigo ulivyohesabiwa. Kwa hiyo ukikuta familia hapa Kivu inasema babu yetu alikwenda vita ya Mujerumani na hatuna hata karatasi moja, usiwacheke na usidhani wanadanganya.

Koko wangu hakuwa wa vita hiyo, alizaliwa wakati inaisha. Tabora ilitoka wapi kwenye hadithi ya familia sijashangaa, maana hilo jina Wabelgiji waliliimba miaka yote ya ukoloni na kila mtoto wa shule alilisikia.

Kwenye kijitabu chake imebaki nusu ya ukurasa mmoja inayosomeka, wino wa zambarau, mistari 4. Mstari wa 2 ndio uliofungua kila kitu, umeandikwa Campagne d'Abyssinie, 1941. Abisinia, yani Ethiopia. Vita ya Mutaliano.

Sasa mtu wa Bushi, huku kwetu kando ya Bukavu, alikuwa anatafuta nini Ethiopia? Ubelgiji yenyewe ilikuwa imeshapigwa na Hitler, jeshi lake lilisalimu amri tarehe 28 Mei 1940 na mfalme akabaki mateka. Serikali ikakimbilia London. Kitu pekee kikubwa kilichobaki mikononi mwao kilikuwa Kongo, na gavana mkuu Pierre Ryckmans aliamua koloni itabaki upande wa Waingereza. Fikiria hiyo serikali iliyokaa London bila nchi: ili isikilizwe ilihitaji kuonyesha kwamba bado inapigana mahali fulani. Wakati huo Italia ilikuwa imeikalia Ethiopia tangu 1936 na majeshi yake yalipakana na Sudan na Kenya za Waingereza. Novemba 1940 Ubelgiji ikatangaza rasmi vita na Italia, na mwanzoni mwa 1941 vikosi vya Force Publique vikaanza kupanda kaskazini. Kwa hiyo koko wangu, kijana wa miaka 20 na kitu, ndiye aliyekuwa sauti ya serikali ya Ubelgiji kule London, na nina uhakika hakuna mtu aliyemwelezea hivyo.

Namna alivyoingia jeshini nayo lazima isemwe. Kila wilaya ilipewa idadi ya vijana wa kutoa, administrateri anamgeukia chefu, chefu anachagua, na mara nyingi anachagua wale asiowataka kijijini, wabishi, mayatima, watoto wa ukoo wenye ugomvi naye. Ukishaingia ni miaka 7. Unapelekwa mbali na kwenu makusudi, unachanganywa na watu wa makabila mengine, unafundishwa Lingala kwa sababu ndo lugha ya amri, na ukikosea kuna fimbo. Shangazi anasema mpaka anakufa koko alikuwa akikasirika anahesabu kwa Lingala. Hata ungekuwa hodari vipi ungeishia na cheo cha sajini. Ofisa alikuwa Mzungu, na ilikuwa hivyo mpaka mwaka wa uhuru. Mobutu mwenyewe alitoka kwenye jeshi hilo akiwa sajini.

Safari yenyewe mimi niliifuata kwenye ramani jioni moja na nikaona aibu kwa jinsi ninavyolalamika barabara ya Uvira. Toka Kongo ya kaskazini-mashariki wanapanda malori mpaka Juba, Juba wanashuka Nili kwa meli mpaka Malakal, halafu wanageuka mashariki kufuata mto Sobat na baadaye Baro mpaka mpaka wa Ethiopia, nchi tambarare yenye joto, majani marefu na mbu. Tarehe 11 Machi 1941 kikosi kimoja kikachukua Asosa. Tarehe 23 Machi wakachukua Gambela, bandari ndogo kwenye mto Baro. Mpaka hapo mambo yalikwenda haraka. Kisha mbele yao kukasimama ukuta: uwanda wa juu wa Saio, juu mita 1,700 hivi, na Wataliano juu yake na mizinga, wengi kuliko wao.

Katikati ya April wakapigana kwenye kijito kinachoitwa Bortai, chini ya ule mlima, na hawakupita. Na hapo ndo ilianza ile sehemu ambayo koko aliisimulia, kwa sababu vita ya bunduki alikuwa hapendi kuiongelea ila njaa aliiongelea. Chakula kilikuwa kinatoka Sudan kwa mto, na maji ya Baro yakipungua meli hazipandi, na mvua zikianza malori yanazama kwenye tope jeusi. Walikaa pale wiki na wiki na chakula kidogo cha aina moja. Ugonjwa uliowaangusha unaitwa beriberi, unatokana na kukosa vitamini B1, na wanaoupata sana ni wale wanaokula mchele mweupe bila kitu kingine cha maana. Usiuchanganye na bwaki, yani utapiamlo wa watoto wetu, ingawa yote ni matunda ya chakula kibaya. Miguu inakufa ganzi, inavimba, na mwisho moyo unachoka. Shangazi anakumbuka baba yake alikuwa anabonyeza kidole kwenye mguu wake mwenyewe akionyesha: "Unafanya hivi, shimo inabaki. Mutu analala mangaribi na miguu ya kuvimba, asubui unamuamusha, haamuke." Hapo anafunga mdomo na hadithi inaishia pale. Magonjwa yaliua wengi kuliko risasi za Mtaliano, na wapagazi, kwa sababu hata 1941 wapagazi walikwenda, ndio walioumia zaidi.

Ujanja wao pale ulikuwa kutoonyesha udhaifu. Doria kila siku, vikundi vidogo vinapiga upande huu kesho upande ule, ili aliye juu adhani chini kuna jeshi kubwa. Na huko kwingine Mtaliano alikuwa anaanguka: Haile Selassie aliingia tena Addis Ababa tarehe 5 Mei, na mwezi huo huo Duke wa Aosta aliyekuwa mkuu wao wote akasalimu amri kule Amba Alagi. Jenerali Pietro Gazzera akabaki amekatwa kusini-magharibi na kila mlango umefungwa. Juni akafika jenerali Auguste Gilliaert na vikosi vya kuongeza nguvu, maji ya mto yakapanda, chakula na risasi vikafika, na tarehe 3 Julai 1941 wakashambulia Saio. Siku hiyo hiyo Gazzera akatuma watu wake na bendera nyeupe. Walijisalimisha majenerali 9, maofisa 370, na maelfu ya wengine, na vifaa ambavyo orodha yake inafika mpaka nyumbu 500. Waliokamatwa walikuwa wengi kuliko waliowakamata.

Hiyo ndiyo Saio. Leo unaitwa Dembi Dolo, uko magharibi mwa Ethiopia. Wabelgiji walifurahi kiasi kwamba waliandika hilo jina kwenye kambi za koloni, na hii yetu ya Bukavu mojawapo, enzi ambazo mji wenyewe ulikuwa unaitwa Costermansville. Costermansville ilifutwa miaka ya 1950, majina mengi ya Kizungu yakafutwa 1966, Saio ikabaki kwa sababu ilisikika kama jina la kwetu.

Basi turudi kwenye ile duara ya shaba. Fundo la pili, na hili ndo linaloleta ugomvi mwingi kwenye familia, ni kudhani kila medali ni ya ushujaa. Hapana. Kuna medali ya ushujaa, kama ile Wabelgiji wanaita Croix de guerre, hiyo mtu anapewa kwa jambo alilofanya yeye, siku fulani, mbele ya mashahidi, na kuna karatasi inayosema alifanya nini. Halafu kuna medali ya kampeni. Hii wanapewa wote waliokuwepo kwenye vita fulani kati ya tarehe fulani na tarehe fulani: aliyepiga risasi, aliyepika, aliyeendesha lori, aliyelala hema la wagonjwa wiki 6. Ni kama kusema tu, alikuwa huko. Medali ya koko ni ya kampeni ya Abisinia 1941, ilitolewa baada ya vita kwisha, na hakumkamata jenerali yeyote. Gazzera alisalimu amri kwa mazungumzo, maofisa kwa maofisa. Nilipowaambia baba wadogo hivyo mmoja alinuna, akaniambia nimemshusha muzee. Mimi naona tofauti kabisa. Hadithi ya jenerali ingeweza kuwa ya mtu yeyote, lakini hii ya mguu uliovimba, ya kukaa miezi chini ya mlima wa watu wengine na bado unapanda doria asubuhi, hiyo ni yake na wenzake, na ndiyo hasa medali inayoisema kama ungeweza kuisoma.

Medali ya pili haikusuguliwa sana, sijui kwa nini, labda kwa sababu ilikuwa na utepe bado. Hiyo ni ya vita ya Afrika 1940-1945, na kwenye utepe wake kuna kipande chembamba cha chuma chenye maneno Moyen-Orient. Hicho kipande ndicho cha kutazama kama na nyie mnayo moja nyumbani, maana medali ni ile ile kwa wote ila kipande kinasema mtu alipelekwa wapi. Kuna cha Nijeria, cha Mashariki ya Kati, cha Madagaska na cha Birmania, yani Myanmar ya leo. Basi aliyesema koko alikuwa Misri alikuwa sawa! Baada ya Ethiopia, maelfu ya basoda wa Kongo walipelekwa Nijeria kwa sababu makoloni ya Ufaransa jirani yalikuwa bado chini ya serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa walioshirikiana na Hitler, na ilidhaniwa kutatokea vita. Haikutokea. Toka huko 1943 wakapelekwa Misri na Palestina, wengine kwa meli, wengine kwa msururu wa malori kupitia Chad na Sudan, jangwa lote lile. Kule walilinda magala, walifanya mazoezi, walisubiri. Hawakupigana. Mwisho wa 1944 walikuwa wanarudi nyumbani. Ni vigumu kuweka hiyo kwenye hadithi ya jioni, kwa hiyo familia ilichukua Misri ikaweka na bunduki juu yake.

Ya Birmania ni jambo lingine kabisa na nasikitika halifundishwi shuleni. Kulikuwa hospitali ya jeshi ya Kongo, ya 10 kwa namba ya Waingereza, Wakongo karibu 350 na Wabelgiji 20 hivi, manesi, wabeba machela, madereva. Hiyo ilianzia Ethiopia, ikaenda Somalia, ikaenda Madagaska, ikaishia kwenye misitu ya Birmania, ikitibu majeruhi wa vita dhidi ya Japani, na wengi wa waliotibiwa walikuwa askari wa Afrika Mashariki, watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika, ambao waliongea Kiswahili kama sisi. Juni 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alipokuja Kongo, kule Kinshasa alimvika nishani Albert Kunyuku, muzee wa miaka 100 aliyekuwa Birmania. Miaka 77 baada ya vita. Mfalme alifika mpaka hapa Bukavu safari hiyo hiyo, nakumbuka msafara, na hakuna aliyenikumbusha siku ile kwamba mji una kambi yenye jina la ushindi wa baba zetu.

Sasa yule kijana wa ukoo aliyesema walipewa kwa kuua ndugu zao. Nilitaka kumkatalia na sikuweza kumkatalia yote. Koko mwenyewe, mistari yake 4 haina kitu cha namna hiyo. Lakini jeshi ni lile lile. Desemba 1941, miezi 5 tu baada ya Saio, wafanyakazi wa migodi Elisabethville, yani Lubumbashi, waligoma wakidai mshahara kwa sababu vita ilikuwa imepandisha bei ya kila kitu. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, gavana wa jimbo Amour Maron akafika, na basoda wa Force Publique wakafyatua risasi. Watu wengi walikufa, na Léonard Mpoyi aliyewasemea ni mmoja wao. Vijijini 1942 siku za kazi za lazima zikapandishwa toka 60 mpaka 120 kwa mwaka, watu wakarudishwa porini kutafuta utomvu wa mpira, neno ambalo wazee waliokumbuka enzi za mfalme Leopold walikuwa hawataki kulisikia tena. Hapa kwetu upande wa Masisi mpaka Lubutu, 1944, watu wa dini ya Kitawala na kiongozi wao Bushiri waliinuka, na jeshi likawanyamazisha. Na mwaka huo huo basoda wenyewe wa Luluabourg, Kananga ya leo, wakaasi.

Kwa hiyo koko alikuwa nani? Alikuwa kijana aliyetolewa na chefu wake, akapelekwa kumkomboa Muhabeshi toka kwa mkoloni Mtaliano, kwa jina la mkoloni Mbelgiji, huku nyumbani dada zake wanapigwa kodi na kazi za lazima. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja na sitaki kuchagua moja ili hadithi iwe nyepesi.

Pensheni? Alidai. Kuna barua 2 kwenye kopo, moja imeandikwa kwa mkono wa mwalimu kwa sababu yeye hakujua kuandika Kifaransa. Baada ya 1960 wakongwe wengi walijikuta katikati, ofisi ya huku inasema uliwatumikia Wabelgiji, ofisi ya kule inasema sasa una nchi yako. Jibu halipo kwenye kopo.

Kilichopo ni watu wanaopita nyumba kwa nyumba kuuliza vitu vya zamani. Mmoja alimfikia shangazi, akamwambia hii laini haina bei lakini ile yenye utepe atampa dola 20. Alikataa. Kama mnayo nyumbani msiuze haraka, na zaidi msitupe karatasi, maana chuma bila karatasi ni chuma tu, mistari 4 ya wino imenisaidia kuliko medali zote 2. Na msisugue. Kitambaa kikavu kinatosha, na mahali pasipo unyevu.

Hilo la kutosugua nilimwambia shangazi taratibu sana ili asijisikie vibaya. Akaitazama ile duara kitambo, akaniuliza hiyo Saio yenyewe iko wapi. Nikafungua ramani kwenye simu, nikamwonyesha Bukavu, nikavuta na kidole juu, juu, nikapita Uganda, Sudan Kusini, nikafika Dembi Dolo. Akauliza kama kule ni joto. Nikamwambia chini kwenye mto ni joto sana, ila Saio yenyewe iko juu, juu kuliko hata hapa kwetu kidogo.

"Eeh," akasema. "Njo maana. Alikuwaka anasema siku balipanda kule juu, alisikia baridi ya Kabare, akazania bamefika nyumbani."

Akairudisha kwenye kopo, akaiweka chini ya vitenge.